Rwabugiri: Mwami Aliyeunganisha Nchi kwa Mkuki

Asimamaye juu ya vilima vya Shangi, kandokando ya Ziwa Kivu, huona chini yake maji mapana yaliyotenganisha falme za zamani. Nchi hii, ambayo siku hizi ni wilaya za Rusizi na Nyamasheke, iliitwa Kinyaga. Katika ziwa hili, mnamo Septemba 1895, Mwami Kigeli IV Rwabugiri alifariki dunia akiwa safarini kwenda kupigana na Bushi. Na juu ya vilima hivi, mwaka uliofuata, majeshi aliyoyaacha yalishindwa. Kati ya matukio hayo mawili mna funzo ambalo kila mwenye kubeba silaha hana budi kulitafakari.

Rwabugiri alikuwa mwana wa Mutara II Rwogera, mwami ambaye majeshi yake yaliuvunja ufalme wa Gisaka upande wa mashariki. Wanahistoria wengi huuweka mwanzo wa utawala wake mnamo mwaka 1867. Tangu hapo hadi kufa kwake ni vigumu kuupata mwaka aliokaa bila vita. Alipigana kaskazini katika Ndorwa na Nkore, kusini na Burundi, na magharibi ng'ambo ya Kivu.

Nguvu yake ilitokana na mpango wa majeshi. Kila jeshi lilikuwa na jina lake, mkuu wake na ng'ombe wake, na mtoto aliingia katika jeshi la baba yake. Huku Kinyaga, jeshi la Impara liliota mizizi hata jina lake likawa jina la jimbo. Mwami hakukaa mahali pamoja. Alijenga makao katika pembe nyingi za nchi, mojawapo likiwa Rubengera, karibu na ziwa, ili jicho lake liwafikie wakuu wote. Aliyeonekana kujitanua kupita kiasi aliondolewa, na mahali pake akawekwa mtu aliyemtegemea mwami kwa kila kitu.

Kisiwa cha Ijwi kilivamiwa kwa mitumbwi, na mfalme wake Kabego akauawa. Nkundiye, mwana wa Kabego, aliyekuwa ameshirikiana na Rwabugiri, baadaye alimgeuka. Bushi nako hakukutulia, na huko Kanywiriri majeshi ya Rwanda yalipata pigo kubwa. Hata ndani ya Kinyaga yenyewe, falme ndogo za Bukunzi na Busozo ziliendelea na wafalme wao, zikipeleka kodi kwa mwami. Zilidumu hivyo mpaka Wabelgiji walipozivunja katika miaka ya 1920. Kwa raia wa kawaida muungano huo ulikuwa na uzito wake: mkulima alitakiwa kutoa siku zake za kazi kwa mkuu ili aruhusiwe kulima shamba. Kazi hiyo iliitwa uburetwa, na uchungu wake ulikumbukwa muda mrefu.

Si Rwanda peke yake iliyopita njia ya kuunganisha falme. Huko Hispania, Isabella wa Castile na Ferdinand wa Aragón walioana mwaka 1469. Nao walikuwa watu wa vita, na mwaka 1492 waliuteka mji wa Granada. Lakini Castile ilibaki na sheria zake na Aragón zake, na kilichoziunganisha kilikuwa nyumba moja ya kifalme. Ilipofika mwaka 1516, mjukuu wao Carlos alirithi pande zote mbili.

Rwabugiri naye aliufikiria urithi. Mwaka 1889 alimtawaza mwanawe Rutarindwa kuwa mwami pamoja naye. Kwa kuwa mama mzazi wa Rutarindwa alikwisha kufa, alimteua mkewe Kanjogera, wa ukoo wa Abega, kushika cheo cha mama wa mwami. Kwa kufanya hivyo aliufunga ukoo wenye nguvu na kiti cha enzi. Ila Kanjogera alikuwa na mtoto wake wa kumzaa, Musinga. Maadamu Rwabugiri alikuwa hai, hakuna aliyethubutu kunong'ona. Alipofumba macho, fundo lilianza kufunguka.

Mwaka 1896 askari wa Serikali Huru ya Kongo, wakiwa na bunduki, walipiga kambi Shangi. Bisangwa, mkuu wa jeshi la Ingangurarugo lililokuwa kipenzi cha marehemu mwami, aliongoza mashambulizi juu yao. Mikuki haikufua dafu mbele ya risasi, na Bisangwa akaanguka. Rutarindwa alipoteza kamanda wa kumtegemea. Kabla mwaka haujaisha, Kanjogera na ndugu yake Kabare walimpindua huko Rucunshu. Wanyarwanda waliuana wao kwa wao, Rutarindwa akafia humo, na Musinga, angali mtoto, akatawazwa kwa jina la Yuhi V. Ijwi ilirudi mikononi mwa ukoo wa Kabego. Wajerumani walipofika mwaka 1897 walikuta baraza la kifalme lenye kutafuta mlinzi dhidi ya maadui wa ndani, nao wakawa mlinzi huyo.

Hakuna awezaye kumnyima Rwabugiri ushujaa, wala bidii, wala akili ya vita. Ila majeshi yake yaliapa kwa mtu, na mtu hufa. Askari na polisi wanaofahamu hayo huielewa vema sababu ya kiapo chao kuwa kwa nchi na sheria zake: kamanda akiondoka leo, kesho lindo liwe palepale, na raia alale usingizi bila kuuliza ni nani aliyeshika amri.