Blyden na Elimu ya Mtu Mweusi

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Katika wasomi weusi waliotangulia kuipeleka hekima hiyo darasani, Edward Wilmot Blyden yumo mstari wa mbele.

Alikuwa mtu wa kisiwani. Alizaliwa mwaka 1832 katika kisiwa cha St. Thomas, bahari ya Karibi, kilichokuwa koloni la Denmark. Mwaka 1850 alikwenda Marekani kuomba kusomea ukasisi, akakataliwa kwa sababu ya weusi wake. Ndipo akashika njia ya Liberia. Huko alisoma, akasomesha, akawa kasisi na hata waziri wa mambo ya nje.

Mwaka 1866 alisafiri hadi Misri na Lebanon kujifunza Kiarabu, na aliporejea akakisomesha katika Chuo cha Liberia. Alitambua kwamba Waislamu wa Afrika Magharibi walikuwa na vyuo, vitabu na maulamaa wao kabla mmishenari hajafika.

Mwaka 1881, akiwa mkuu wa chuo hicho, alieleza shabaha zake. Vitabu vya Ulaya ya zama zake, alihoji, vilimfunza kijana Mwafrika kujidharau. Kilatini na Kigiriki hakuvitupa, kwani waandishi wa kale hawakumtukana mtu mweusi. Hesabu nayo aliithamini. Juu ya hayo alitaka Kiarabu, lugha za wenyeji na nyimbo zao zisomwe, na wasichana wapewe nafasi. Hakuikataa elimu ya kigeni. Aliikataa kasumba iliyofichwa ndani yake.

Kuanzia 1901 hadi 1906 alisimamia elimu ya Waislamu huko Sierra Leone, akijitahidi kuingiza masomo ya kisasa bila ya kuwatenga watoto na dini yao. Alifariki Freetown mwaka 1912.

Hatumsifu kwa kila jambo. Aliutumaini utawala wa Wazungu kuwa ni wa kupita na wenye kheri, na historia imemsuta. Lakini katika elimu alilenga.

Sisi wa visiwani, ambao watoto wetu hutoka skuli wakaenda chuo cha Kurani, tunalijua suala hili. Hivyo tunawahimiza wenye dhamana ya mitaala wakipime kila kitabu kabla ya kumkabidhi mtoto: je, kinamwongezea maarifa tu, au pia kinamfunza kuwaonea haya wazee wake? Kitabu cha namna hiyo kisiingie darasani, hata kikiwa kimepigwa chapa kwa uzuri namna gani.