Maisha ya Marehemu Mbiyu Koinange, Mwalimu wa Githunguri

Baada ya kusoma hesabu za mwaka, twapenda kuwaletea wazee wetu na wanachama wote habari za mtu mmoja aliyetutangulia, ili tujipime kwake. Safari hii tumemchagua marehemu Peter Mbiyu Koinange. Wengi wamkumbuka kuwa waziri aliyekaa karibu sana na Mzee Jomo Kenyatta. Sisi twataka kumkumbuka kwa kazi yake ya kwanza, yaani ualimu, kwa sababu kazi hiyo yawahusu watu wanaochangia karo za watoto kama tufanyavyo sisi.

Mbiyu alizaliwa mwaka 1907 huko Njunu, Kiambu, naye alikuwa mwana wa Chifu Mkuu Koinange wa Mbiyu. Mwaka 1926, shule ya Alliance ilipofunguliwa huko Kikuyu, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza. Mwaka uliofuata akavuka bahari kwenda Marekani. Alisoma kwanza Hampton, Virginia, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani, ambako mwanafunzi alifundishwa kazi za mikono pamoja na vitabu. Kutoka huko akaenda Ohio Wesleyan, kisha Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, akapata digrii ya pili mwaka 1936. Alipitia Uingereza kuongeza masomo, akarudi nyumbani mwaka 1938. Alikuwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kupata digrii ya daraja hiyo.

Yafaa vijana wetu waambiwe ni nchi ya namna gani aliyoirudia. Elimu ya Kenya wakati ule iligawanywa kwa rangi. Mzungu alikuwa na shule yake, Mhindi yake, Mwarabu yake, na Mwafrika yake, na fedha za serikali hazikutolewa sawasawa. Hapa kwetu Eldoret wazee wakumbuka kwamba Hill School ilikuwa ya watoto wa Wazungu. Mtoto wa kibarua wa shamba alipita nje ya ua akichunga ng'ombe, wala hakufikiri kwamba mlango ule ungeweza kufunguliwa kwa ajili yake. Mishahara nayo ilikwenda kwa rangi. Mbiyu alikataa kuajiriwa kwa masharti yaliyompa Mwafrika malipo madogo kuliko ya Mzungu mwenye elimu ile ile. Angaliweza kukubali, akakaa kwa raha kuliko karibu Waafrika wote wa wakati wake. Hakukubali.

Tangu mwaka 1929, kwa ajili ya ugomvi juu ya tohara ya wasichana, watu wengi wa Ukikuyu walikuwa wamejitenga na misheni wakajenga shule zao wenyewe. Hata katika Bonde la Ufa, maskwota wa mashamba ya Wazungu walijenga shule za namna hiyo. Shule zikawa nyingi, lakini waalimu waliofunzwa walikuwa haba. Ndipo Mbiyu, akisaidiwa na baba yake na viongozi wa shule hizo, alipofungua chuo cha waalimu huko Githunguri mwaka 1939. Chuo kilipewa jina la Kenya, wala si la kabila wala la dhehebu. Mlango wake haukuwa mwembamba: walikuwamo wadogo waliojifunza herufi, walikuwamo pia wakubwa waliokuwa wakijifunza kuwa waalimu.

Fedha zilitoka wapi? Serikali haikukijenga chuo kile. Mbiyu alitazama desturi za wazee wake, akaona kwamba nguvu ya watu imo katika marika. Akawaomba michango rika kwa rika, na kwa kuwa hakuna rika litakalo kuaibishwa na jingine, watu walishindana kutoa. Kina mama nao walifanya neno kubwa. Walipoona kwamba wasichana hawana mahali pa kulala chuoni, walikusanyika peke yao, wakachanga fedha zao wenyewe kwa ajili ya bweni la wasichana. Wengi wao hawakujua kusoma hata herufi moja.

Hatupendi kusema kwamba mambo yote yalikwenda vema. Mzee Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946 alishika uongozi wa chuo. Michango ilikuwa mingi lakini mahitaji yalikuwa mengi zaidi, na manung'uniko juu ya fedha yalisikika. Sisi tunaoandika vitabu vya hesabu twaona hapa fundisho. Moyo wa kutoa ni mali, lakini mali hiyo hupotea upesi mtoaji asiposomewa hesabu.

Mwaka 1951 Mbiyu alikwenda London pamoja na Achieng Oneko, wametumwa na chama cha KAU kupeleka malalamiko ya ardhi. Wakati alipokuwa ng'ambo, Hali ya Hatari ilitangazwa nchini, tarehe 20 Oktoba 1952. Shule za kujitegemea zilifungwa, na Githunguri ikafungwa pia. Mahali pale palipojengwa kwa senti za wakulima pakageuzwa kuwa mahali pa kunyongea watu. Baba yake mzee alitiwa kizuizini, akakaa humo miaka mingi, akafariki mwaka 1960. Mbiyu alibaki ugenini. Mwaka 1955 kitabu chake juu ya watu wa Kenya kilichapishwa Marekani, nacho chaeleza jinsi watu wa kawaida walivyojijengea shule.

Baada ya kurudi, alichaguliwa kuwa mbunge, akawa waziri tangu mwaka 1963. Kwa muda mfupi alishika Wizara ya Elimu, katika miaka ile ile ambayo Tume ya Ominde ilipendekeza kwamba shule zisitenganishwe tena kwa rangi. Baadaye alikaa miaka mingi katika ofisi ya Rais. Juu ya miaka hiyo ya madaraka watu wa Kenya hawana neno moja, nasi twawaachia wengine kuipima. Alifariki mwaka 1981.

Wanachama wenzetu, wapo kati yetu waulizao kwa nini senti zilizochangwa hapa zimlipie karo mtoto asiye wa ukoo wetu, au binti atakayeolewa mbali, au mtoto mlemavu ambaye wadhani hatafika popote. Hatuwalaumu, kwa maana fedha ni chache na kila mzazi ana wake. Lakini tumewaona kina mama wa Githunguri. Walijenga bweni ambalo wao wenyewe hawakulala ndani yake hata usiku mmoja. Majengo yale yalichukuliwa, bali msichana aliyekwisha kujifunza kusoma hakuna aliyeweza kumnyang'anya elimu yake. Basi mtakapokuja kulipa ada ya mwaka mpya, twawaomba mkumbuke hilo, na mtudai hesabu.