Michael Ondoga: Waziri aliyeuawa, na swali lililobaki Arua na Koboko

Mapema mwaka 1974, mwili wa Luteni Kanali Michael Ondoga ulionekana ukielea katika Mto Nile. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Uganda. Nusu karne imepita, na wazee wa West Nile bado wanabishana ni nani aliyepanga kifo chake.

Ondoga alikuwa Mlugbara, mtu wa kabila lenye kitovu chake Arua. Idi Amin, Mkakwa anayenasibishwa na Koboko, alipotwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, maofisa wengi wa West Nile walipanda vyeo. Ondoga alipelekwa Moscow akiwa balozi, na mwaka 1973 akapewa wizara ambayo Wanume Kibedi alikuwa ameiacha na kwenda uhamishoni.

Fahari hiyo haikudumu. Februari 1974 Amin alimwondoa na kumteua Elizabeth Bagaya wa Toro. Baada ya hapo Ondoga akatoweka.

Wapo wanaomtaja Amin moja kwa moja. Miongoni mwao ni Henry Kyemba, waziri wake wa zamani aliyekimbia nchi mwaka 1977 na kuandika kitabu kuhusu utawala huo. Wengine huwaelekezea kidole maofisa waliokuwa karibu na rais, akiwemo Isaac Malyamungu, ambao nguvu zao jeshini zilikuwa zikiongezeka. Wapo pia wanaoliona jambo hili kuwa uhasama wa Wakakwa dhidi ya Walugbara.

Hoja hiyo ya mwisho inapata pigo kutokana na yaliyofuata. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Machi 1974, Brigedia Charles Arube, Mkakwa mwenzake Amin na aliyewahi kuwa mnadhimu mkuu wa jeshi, aliongoza uasi mjini Kampala. Kifo cha Ondoga kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowakasirisha wanajeshi. Uasi ulishindwa, Arube akafa. Serikali ilisema alijiua. Wengi hawakuliamini hilo. Hivyo Mlugbara na Mkakwa waliangamia ndani ya mwezi mmoja hivi, chini ya utawala uleule.

Hata hivyo, Amin alipoanguka mwaka 1979, West Nile nzima ilihesabiwa kuwa kundi lake. Kuanzia mwishoni mwa 1980, maelfu kwa maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981, wanajeshi wa serikali mpya waliwaua raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua.

Ndiyo maana mjadala kuhusu Ondoga hauhusu mtu mmoja tu. Mwenye hatia asipotajwa kwa jina, lawama huangukia kabila zima, na wanaoilipa ni watu ambao hawakuwahi kushika bunduki.