Rosamond Carr, bibi wa maua wa Mugongo
Rosamond Carr, Mmarekani, aliingia Kongo mwaka 1949 pamoja na mumewe. Ndoa ilipovunjika hakurudi kwao. Mwaka 1955 alikuwa Mugongo, milimani juu ya Gisenyi, akisimamia shamba la pareto ambalo baadaye likawa lake. Hakuwa na mtoto, na fedha zilikuwa za kubahatisha. Pareto ilipokosa soko, aliuza maua.

Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari, alirudi akakuta nyumba imeporwa. Akiwa na miaka 82, umri ambao wengi hungoja kutunzwa, aligeuza banda la kukaushia pareto kuwa makao ya yatima, Imbabazi. Vita vya mpakani vilipowafukuza, walihamia Gisenyi. Watoto walirejea Mugongo mwaka 2005. Alifariki Septemba 2006, na huko Mugongo ndiko alikozikwa.