Thomas Graham, Mpimaji wa Gesi

Thomas Graham alizaliwa Glasgow, Scotland, mwaka 1805. Baba yake alitaka awe kasisi. Kijana akashikilia kemia, na baba akamkatia matumizi. Ndugu zetu waliochaguliwa kozi na wazazi wanaelewa uzito wake. Akajikimu kwa kufundisha na kuandika.

Aliziba mrija kwa plasta, yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, akapima gesi zinavyopenya. Mwaka 1833 alieleza kanuni yake: gesi nyepesi hupenya upesi zaidi. Molekuli ya oksijeni ina uzito mara 16 ya ile ya haidrojeni. Kipeuo cha pili cha 16 ni 4, basi haidrojeni hupenya kwa kasi mara 4.

Mwaka 1861 alitenganisha vilivyoyeyuka majimaji kwa kutumia utando, akaiita njia hiyo dialisisi. Alifariki London mwaka 1869, miongo mingi kabla mgonjwa wa figo hajasafishwa damu kwa njia hiyo.