Oliver Tambo, Wakili

Mtahiniwa, ukisoma mada ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika utakutana na Oliver Tambo mara kwa mara, na karibu kila kitabu kinamtaja kama kiongozi wa ANC uhamishoni. Kabla ya hapo alikuwa wakili. Anza na ofisi yake, mengine utayaelewa.

Alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1917 huko Bizana, mashariki mwa Jimbo la Cape. Alisoma sayansi katika Chuo cha Fort Hare, akafukuzwa mwaka 1942 kutokana na mgomo wa wanafunzi, akaenda Johannesburg kufundisha hisabati na sayansi. Mwaka 1952, akikaribia miaka 35, alifungua ofisi ya uwakili pamoja na Nelson Mandela katika jengo la Chancellor House, karibu kabisa na mahakama. Ilikuwa kampuni ya kwanza ya mawakili iliyomilikiwa na Waafrika nchini humo.

Hebu fikiria asubuhi moja pale. Watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Hawakuiba wala hawakumpiga mtu. Huyu amepita mlango wa Wazungu, yule amekunywa maji kwenye bomba lao, mwingine amekamatwa barabarani bila kipande, na mkulima aliyeketi pembeni amefukuzwa kwenye shamba la babu yake. Mandela aling'ara mahakamani. Tambo, mtu mpole asiyependa makuu, alishinda mezani akiandaa majalada. Kwa maoni yangu, kazi ya Tambo ndiyo iliyoishikilia ofisi. Yenyewe pia haikuwa salama: Makaburu waliiamuru ihamie mbali na mji, ambako wateja wasingefika kwa urahisi. Mawakili hao wawili wakakataa kuhama.

Desemba 1956 Tambo alikamatwa kwa uhaini, katika kesi ya watu 156. Mashtaka yake yalifutwa baadaye. Hapa watahiniwa wengi hukosea, wakaandika kwamba alifungwa Robben Island. Aliyefungwa huko ni Mandela.

Baada ya mauaji ya Sharpeville ya tarehe 21 Machi 1960, ambapo watu 69 walipigwa risasi wakafa, ANC ilimtuma Tambo nje ya nchi. Alipitia Bechuanaland, akafika Dar es Salaam. Ofisi ikafungwa.

Januari 1962 Mandela naye alitoka kwa siri, na ndege yake ikatua Mbeya, wiki chache tu baada ya uhuru wetu. Hotelini aliwakuta Waafrika na Wazungu wameketi baraza moja wakizungumza, na hapakuwa na kibao cha kuwatenga. Kwao, watu walipelekwa kortini kwa jambo hilohilo, naye alikuwa amewatetea kwa miaka. Baadaye akakutana na Tambo Accra. Mandela alirudi nyumbani, akakamatwa Agosti mwaka huohuo.

Tambo alibaki nje kwa miaka 30. Aliongoza ANC baada ya kifo cha Albert Luthuli mwaka 1967, akasimamia mkutano wa Morogoro wa 1969, na chini ya uongozi wake ikajengwa shule ya wakimbizi Mazimbu. Alirejea kwao Desemba 1990, akiwa tayari amedhoofishwa na kiharusi, akafariki tarehe 24 Aprili 1993. Uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote ulifanyika Aprili ya mwaka uliofuata.