Aliyeijenga Nairobi Akabaki Mgeni: Maisha ya A. M. Jeevanjee

Ukipita Parklands, mtaa ulio kaskazini-magharibi ya katikati ya jiji la Nairobi, utasikia adhana, utaona mahekalu ya Kihindu, na utakuta Hospitali ya Aga Khan iliyofunguliwa mwaka 1958. Kijana wa leo atadhani kwamba mtaa huu ulikuwa wa Waasia tangu siku ulipopimwa. Sivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Parklands ilikusudiwa kuwa makazi ya Wazungu, na hati za viwanja katika mitaa yao zilitiwa sharti kwamba Mwasia au Mwafrika asikae humo ila awe mtumishi wa nyumba. Mpishi aliruhusiwa kulala, tajiri hakuruhusiwa.

Ajabu ni kwamba mji huo uliowafungia Wahindi milango ulijengwa kwa sehemu kubwa na Mhindi. Naye ni marehemu Alibhai Mulla Jeevanjee. Wengi wetu twalijua jina lake kwa sababu ya bustani iliyo katikati ya Nairobi, mahali pa kupumzisha miguu na kusikiliza wahubiri na wachekeshaji. Lakini nyuma ya bustani hiyo yako maisha ya mtu ambaye mali yake ilipokelewa kwa mikono miwili, na mwenyewe akaachwa nje.

KUTOKA KARACHI HADI MOMBASA

Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, katika ukoo wa Mabohora. Hakupata elimu kubwa ya shule. Elimu yake ilikuwa ya sokoni na safarini. Alizunguka Bara Hindi akitafuta riziki, akafika hata Australia, ambako aliuza bidhaa za Mashariki katika mji wa Adelaide. Huko alijifunza Kiingereza cha biashara na namna ya kukaa na Wazungu, maarifa mawili yaliyomfaa baadaye.

Mwaka 1890 akashuka Mombasa. Wakati huo Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ndiyo iliyokuwa na amri, na kazi ya kupakia na kupakua meli ilitaka mtu mwenye kujua kuwapanga mahamali. Jeevanjee akaishika kazi hiyo. Serikali ya Uingereza ilipoamua kujenga reli ya kwenda Uganda, yeye ndiye aliyepewa mkataba wa kuleta wafanyakazi kutoka Bara Hindi na kuwalisha. Katika miaka ya ujenzi walikuja Wahindi karibu 32,000. Kiasi cha 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, kwa ajali, na wengine kwa simba wa Tsavo. Walio wengi walirudi kwao, na wasiofikia 7,000 ndio waliobaki.

Tusilipite jambo hili kwa haraka. Utajiri wa Jeevanjee uliota katika jasho la makuli hao, watu maskini waliokuwa wageni zaidi kuliko yeye. Hakuwa malaika, alikuwa mfanyabiashara wa zama zake.

Reli ilipofika Nairobi mwezi wa Mei 1899, pale palikuwa kinamasi na mahema. Jeevanjee alijenga majumba, maofisi na soko la mji. Mwaka 1902 alianzisha gazeti la kila wiki mjini Mombasa, African Standard, akamwajiri Mwingereza awe mhariri. Mwaka 1905 aliliuza kwa Waingereza wawili, nalo likawa East African Standard. Gazeti lililoasisiwa na Mhindi likaja kuwa sauti ya walowezi waliomtaka Mhindi afunge virago. Mwaka 1906 akautolea mji bustani iliyotunzwa vizuri, na ndani yake akasimamisha sanamu ya Malkia Victoria. Alitaka Waingereza waone kwamba Mhindi naye ni raia mwaminifu wa Dola.

KITI KIMOJA BARAZANI

Uaminifu huo haukumpa kitu. Nyanda za juu zenye ardhi nzuri zilitengwa kwa Wazungu, na mwaka 1908 Waziri wa Makoloni, Lord Elgin, aliuthibitisha utaratibu wa kutowapa Wahindi mashamba huko. Walowezi wakiongozwa na Lord Delamere walisema waziwazi kwamba nchi hii ni ya mtu mweupe.

Mwaka 1909 Jeevanjee aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, naye akawa mtu wa kwanza asiyekuwa Mzungu kukaa humo. Hebu msomaji ajaribu kuwaza hali yake. Kila uso uliomzunguka ulikuwa wa Mzungu. Mwafrika hakuwamo, na hakuingia hadi Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944. Mwarabu wa Pwani pia hakuwamo. Mzee huyu wa Kibohora alikaa peke yake kati ya watu ambao baadhi yao walikuwa wapangaji wa majumba yake, lakini nje ya baraza hawakutaka kuwa majirani zake. Mlango wa baraza alifunguliwa; wa nyumba hakufunguliwa.

Alipoona kwamba barazani sauti yake haisikiki, alikwenda London mwaka 1910, akazungumza na wenye magazeti kueleza dhuluma waliyotendewa Wahindi. Mwaka 1912 akachapisha kijitabu cha kuwatetea. Walowezi walikasirika, na muda wake ulipokwisha hakuna Mhindi aliyeteuliwa mahali pake kwa miaka kadhaa. Machi 1914 Wahindi wa nchi hizi walikutana Mombasa wakaunda chama chao kikuu, East African Indian National Congress, na Jeevanjee akawa rais wake wa kwanza.

UPWEKE ALIOUCHANGIA MWENYEWE

Hapa ndipo mwandishi wa haki hana budi kusema pande zote mbili. Katika madai yake ya London, Jeevanjee alipendekeza kwamba Afrika Mashariki iunganishwe na Himaya ya India, iwe kama India ya pili. Alilia kwa sababu Mhindi alinyimwa ardhi ya nyanda za juu, lakini hakuuliza ardhi ile ilikuwa ya nani kabla ya Mzungu kufika. Mmasai na Mkikuyu waliokuwa wamenyang'anywa hawakuwamo katika hesabu yake. Aliutazama mlango uliofungwa mbele yake, asigeuke kumtazama aliyesimama nyuma yake.

Kosa hilo lilijulikana mwaka 1923. Ugomvi wa Wahindi na walowezi ulikuwa umefika mahali pabaya, hata baadhi ya walowezi wakapanga njama ya kumteka Gavana na kushika reli na simu. Wajumbe wa pande zote waliitwa London, na Jeevanjee, akiwa na miaka 67, alikuwa miongoni mwa waliokwenda. Serikali ya Uingereza ikatoa Waraka wa Devonshire. Ulisema kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na maslahi yao ndiyo ya kwanza. Lakini nyanda za juu zikabaki za Wazungu. Wazungu walipewa viti 11 vya kuchaguliwa barazani, na Wahindi 5 tu, tena kwa kura ya mbali. Sheria ya kuwatenga watu mijini kwa rangi iliachwa, ila masharti yaliyomo katika hati za viwanja yaliendelea kufanya kazi ile ile.

Mwafrika ambaye pande mbili zile hazikumshauri ndiye aliyetumiwa kama fimbo ya kuzipigia zote, kisha naye asipewe hata kiti kimoja. Fahali wawili walipigana, nyasi zikaumia. Laiti wanyonge wale wangeshikana mikono mapema, pengine mambo yangekuwa mengine.

Baada ya hapo nyota ya Jeevanjee ilififia. Mali nyingi ilikuwa imekwenda katika siasa na katika biashara zisizofaulu, na mdororo wa uchumi wa dunia ukamaliza iliyobaki. Alikufa Nairobi tarehe 2 Mei 1936, akiwa na umri wa miaka 80, bila ya utajiri ule aliokuwa nao wakati Nairobi ilipokuwa mji wa mabati.

ALICHOKIACHA

Waliomfuata walijifunza pale alipokosea. Makhan Singh, aliyefika Nairobi akiwa kijana mwaka 1927, aliunganisha wafanyakazi wa Kihindi na wa Kiafrika katika chama kimoja, na kwa ajili hiyo akazuiliwa tangu mwaka 1950 hadi 1961. Pio Gama Pinto, Mgoa mzaliwa wa Nairobi, aliifanya vita ya Mwafrika kuwa vita yake, akafungwa na wakoloni, na mwishowe akapigwa risasi mbele ya nyumba yake huko Westlands, jirani na Parklands, tarehe 24 Februari 1965. Hawa hawakudai mlango wao peke yao ufunguliwe.

Hata hivyo bustani ya mzee imesimama, kati ya Barabara ya Moi na Barabara ya Muindi Mbingu. Mwaka 1991 ulipotokea mpango wa kuichimba na kujenga maegesho ya magari, mjukuu wake wa kike, Zarina Patel, aliongoza upinzani, na wananchi wa rangi zote wakasimama naye hadi mpango ukaachwa. Vibarua, wapiga picha na wachuuzi wasiojua hata namna ya kulitamka jina lake waliitetea kama mali yao. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Jeevanjee aliitoa bustani ili apate kukubaliwa na wakubwa, nao hawakumkubali. Waliompokea ni watu wa chini ambao yeye hakuwawaza, na wao ndio wanaokaa kwenye viti vyake kila siku adhuhuri, bila ya mtu kuwauliza rangi wala kabila.